Nyama Gani Iingie Jikoni? Somo juu ya Upishi wa Wahindi na Sababu Zake

Kila siku alfajiri watu wengi hutoka Kibera na Kawangware kwenda kazini kwa miguu. Wengine huenda viwandani, wengine madukani, na wengine hushika njia ya Lavington, Westlands, Parklands na Ngara, wakafanye kazi katika nyumba za watu: kupika, kufua na kulea watoto. Nyumba nyingi katika hizo ni za Wahindi. Mfanyakazi aingiapo jikoni mwa Mhindi husikia harufu ya bizari, iliki na kitunguu saumu, akaona chapati na dengu ambazo yeye mwenyewe huzila kwake. Lakini pengine hukuta pia amri asizozielewa. Nyumba hii hawataki nyama ya ng'ombe. Ile ya pili hawataki hata yai. Ya tatu hula ng'ombe, bali nguruwe ni haramu. Na ya nne, nguruwe ndiye nyama ya sikukuu.

Tuseme mama mmoja wa Kawangware ameajiriwa katika nyumba kama ile ya pili. Siku ya tatu amechukua chakula chake cha mchana kutoka nyumbani, ugali na matumbo kidogo. Adhuhuri anaitwaa sufuria ndogo iliyo karibu na kuyapasha moto. Kumbe sufuria ile ndiyo ya kuchemshia maziwa. Mama wa nyumba anarudi, ananusa, anaiona sufuria, anakasirika. Na jioni yule mama anaambiwa asirudi tena. Anarudi Kawangware hana kazi, akidhani ya kuwa chakula chake kimedharauliwa. Naye mama wa nyumba anawaambia jamaa zake ya kuwa mfanyakazi yule hana adabu. Wote wawili wamekosea, maana hapana aliyemweleza mwenzake jambo lolote.

Mambo ya namna hii huwapotezea watu kazi, na huharibu ujirani. Kwa hiyo katika somo la leo tutatazama ni nyama zipi Wahindi huzila, zipi huziacha, na kwa sababu gani.

NENO MOJA, WATU WENGI

Kwanza yafaa tutenge maneno mawili yanayofanana. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni Bara Hindi, awe wa dini yoyote. Mhindu ni mtu afuataye dini ya Kihindu. Kila Mhindu tumwonaye Nairobi karibu daima ni Mhindi, lakini si kila Mhindi ni Mhindu. Wako Waislamu, Wajaini, Masingasinga na Wakristo. Nalo neno Baniani, ambalo tumelizoea katika methali za pwani, asili yake ni jina la jamii ya wafanya biashara wa Gujarat. Si jina la Wahindi wote.

Wafanya biashara wa Kihindi walikuwako Zanzibar na Mombasa tangu zamani. Kisha, kati ya mwaka 1896 na 1901, watu karibu 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hata ziwa la Victoria. Wengi walirudi kwao, na wapatao 6,700 wakabaki. Wengine walikuja baadaye kwa hiari yao: Wagujarati na watu wa Kutch kufungua maduka, Wapunjabi kufanya kazi za ufundi, na watu wa Goa kufanya kazi za ofisi na upishi. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilipata Wakenya wa asili ya Asia zaidi ya 47,000; na mwaka 1917 ulipokwisha kupita kwa miaka mia moja kamili, yaani mwaka 2017, Serikali ya Kenya ilitangaza ya kuwa watu hawa wahesabiwe kuwa kabila la 44 la nchi. Kila jamii katika hizo ilikuja na chungu chake na sheria zake.

KWA NINI MHINDU HALI NG'OMBE?

Mtu afugaye ng'ombe hatashangaa akisikiliza sababu hii. Mkulima wa Bara Hindi tangu kale alimtegemea ng'ombe kwa kila jambo. Jike lilimpa maziwa, mtindi na samli. Maksai alivuta jembe na gari. Kinyesi kikawa mbolea shambani, na kilipokaushwa kikawa kuni jikoni. Ukame ulipofika, mtu aliyemchinja ng'ombe wake alipata nyama ya siku chache. Lakini mvua iliporudi hakuwa na wa kuvuta jembe, na watoto wake hawakuwa na maziwa. Aliyestahimili njaa bila ya kumchinja ndiye aliyeweza kulima tena. Wako wataalamu wasemao ya kuwa hapa ndipo heshima ya ng'ombe ilipopata nguvu.

Lakini kwa Mhindu mwenyewe jambo hili si hesabu ya faida tu. Ng'ombe kwake ni kama mama, kwa kuwa humnyonyesha mtoto asiye wake. Tena iko kanuni kuu iitwayo ahimsa, yaani kutodhuru kiumbe chenye uhai. Heshima hii imeingia hata katika sheria: Katiba ya India iliyoanza kutumika mwaka 1950, katika kifungu cha 48, huiagiza Dola ijitahidi kuzuia kuchinjwa kwa ng'ombe.

Hata hivyo, asidhani msomaji ya kuwa Wahindu wote hawali nyama. Katika nchi ya Bengal hata makuhani wengi hula samaki. Katika Kashmir, Wahindu hula mbuzi na kondoo. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2021 na taasisi ya Pew ya Marekani ulionyesha ya kuwa katika kila watu wazima 100 wa India, 39 walisema hawali nyama kabisa. Lakini 81 walijizuia kwa namna fulani, ama kwa kuacha nyama za aina fulani, ama kwa kuacha nyama siku fulani za juma. Kwa hiyo mpishi anayeambiwa, "Leo Jumanne hatupiki nyama," asione kwamba anachezewa. Ni desturi ya kweli.

WASIOKULA HATA YAI

Wajaini ndio wenye sheria kali kupita wote. Katika Nairobi tunawajua sana kwa jina la Oshwal, na wengi wao jina lao ni Shah. Hawali nyama, wala samaki, wala mayai. Wale washikao sana dini huacha hata vitunguu, viazi na karoti, kwa maana ukiung'oa mzizi umeua mmea mzima, na pamoja nao vijidudu vingi vya udongoni. Wengine hawali baada ya jua kuchwa, wasije wakameza mdudu gizani pasipo kujua.

Wafuasi wa Swaminarayan nao huacha nyama, mayai, vitunguu na vitunguu saumu. Hekalu lao kubwa lililofunguliwa mwaka 1999 liko kando ya ile barabara iliyoitwa zamani Forest Road, ambayo sasa yaitwa kwa jina la Profesa Wangari Maathai.

Nguvu ya desturi hii yaonekana katika maisha ya Mohandas Gandhi, aliyezaliwa Porbandar katika Gujarat mwaka 1869. Yeye mwenyewe alieleza ya kuwa alipokuwa kijana, rafiki yake alimshawishi ale nyama, akimwambia kwamba Waingereza wana nguvu ya kutawala kwa kuwa wanakula nyama. Gandhi akala mbuzi kwa siri, na usiku ule hakulala vizuri. Aliona kana kwamba mbuzi yule analia ndani ya tumbo lake. Baadaye aliacha, si kwa sababu ya tumbo, bali kwa sababu hakuweza kuendelea kuwadanganya wazazi wake. Alipokwenda Uingereza mwaka 1888 alimwapia mama yake ya kuwa hatagusa nyama, na kiapo hicho alikishika. Hapo twaona ya kuwa chakula kwa watu hawa ni ahadi baina ya mtoto na mzazi. Ndiyo maana sufuria moja iliyotiwa matumbo yaweza kumliza mama wa nyumba.

CHAKULA CHA MAKINDU

Masingasinga, ambao wengi wetu huwaita Makalasinga, wamegawanyika. Wengine hawali nyama; wengine huila, hasa kuku na mbuzi. Lakini Singasinga ashikaye dini yake hali nyama iliyochinjwa kwa desturi ya Kiislamu. Kwake mnyama hukatwa shingo kwa pigo moja, na nyama hiyo huitwa jhatka. Basi mpishi asiseme, "Mbuzi ni mbuzi tu." Duka ambalo nyama imetoka ni neno kubwa.

Aliyepata kusafiri kwenda Mombasa anaijua Makindu. Pale liko hekalu la Masingasinga lililojengwa mwaka 1926, na msafiri yeyote, awe wa kabila lolote na dini yoyote, hupewa chakula bure. Ataletewa chapati, dengu, mboga na chai ya maziwa. Nyama hapana, ijapokuwa Masingasinga wengine huila majumbani mwao. Sababu yake ni nzuri. Chakula cha hekaluni ni cha watu wote kuketi pamoja, tajiri na maskini, mwenyeji na mgeni. Ukiweka ng'ombe mezani utamwondoa Mhindu. Ukiweka nguruwe utamwondoa Mwislamu. Ukiweka mbuzi utamwondoa Mjaini. Ukiweka dengu, karibu kila mtu atakaa.

HALALI YA KIBERA NA NGURUWE WA GOA

Waislamu wa Kihindi, yaani Waismailia, Mabohora, Waithnaasheri na Wasuni wa Punjab, hula ng'ombe, mbuzi, kondoo na kuku, mradi wamechinjwa kwa halali. Nguruwe hawamgusi, wala damu. Jambo hili watu wa Kibera hawahitaji kufundishwa, kwa sababu mji wao ulianzishwa na askari wa Kinubi waliopewa kukaa katika msitu ule mwanzoni mwa karne ya 20, na hata jina la Kibra katika lugha yao maana yake ni msitu. Wanubi ni Waislamu, na jirani aliyekaa nao ameshajua ya kuwa mutura, kwa kuwa ina damu, haipelekwi katika karamu yao.

Watu wa Goa ni tofauti tena. Nchi yao ilitawaliwa na Wareno tangu mwaka 1510 hata 1961, na wengi waliokuja Afrika ya Mashariki ni Wakatoliki. Wao hula nguruwe na ng'ombe. Mchuzi wao mashuhuri uitwao vindaloo ulitokana na nyama ya Wareno iliyotiwa divai na kitunguu saumu. Watu wa Goa wakatumia siki, wakaongeza pilipili nyingi. Haya basi: mpishi aliyetoka nyumba ya Mgoa akaingia nyumba ya Bohora, asipouliza, atapata taabu siku ya kwanza.

KWA NINI MBUZI HUPENDWA SANA?

Wahindi walao nyama, wa dini mbalimbali, hukutana kwa mbuzi na kuku. Mbuzi hakatazwi na Mhindu alaye nyama, wala Mwislamu, wala Mkristo. Tena zamani, kabla ya kuja mashine za barafu, mbuzi mmoja aliweza kuchinjwa asubuhi na kwisha jioni, nyama isiharibike kwa joto. Wakaaji wa Nairobi wanajua soko la mbuzi la Kiamaiko, ambako mbuzi huletwa kutoka nchi kavu za kaskazini. Jambo hili la kuchinja leo na kula leo si geni kwetu.

Namna ya kupika nayo ina sababu. Nyama ya mbuzi aliyetembea sana ni ngumu. Kwa hiyo mpishi wa Kihindi huikata vipande vidogo pamoja na mifupa, ili mchuzi upate utamu wa mfupa. Huilaza katika mtindi, au huipaka papai bichi lililopondwa, kwa kuwa utomvu wa papai hulainisha nyama. Kisha hukaanga vitunguu mpaka viwe vyekundu, hutia tangawizi, kitunguu saumu na bizari, na kuacha mchuzi uchemke polepole. Papai lisizidi, wala lisikae usiku kucha, maana nyama itakuwa kama uji.

Wako wasemao ya kuwa bizari hutiwa ili kuficha nyama iliyooza. Maneno hayo si ya kweli. Zamani viungo vilikuwa ghali, na mtu aliyeweza kununua karafuu na iliki aliweza kununua nyama nzuri. Viungo hutiwa kwa ajili ya ladha na harufu, na nyama iliyoharibika huleta ugonjwa hata ikitiwa bizari ya gunia zima.

FAIDA KWA JIKO LETU

Mtu asiyekula nyama anapata wapi nguvu ya mwili? Jibu lake lafaa sana kwa mama wa Kibera au Kawangware ambaye fedha yake ya juma hainunui nyama ila mara moja. Katika gramu 100 za ndengu kavu mna protini gramu 24 hivi, nayo ndiyo ijengayo mwili. Kiasi hicho hakipungukii cha nyama mbichi ya uzito ule ule. Protini ya ndengu peke yake ina upungufu kidogo, na ya ngano au wali ina upungufu mwingine. Lakini zikiliwa pamoja hukamilishana. Ndiyo maana Mhindi hula dengu kwa chapati au kwa wali, na sisi tukala githeri, mahindi kwa maharagwe. Wazee wetu na wao walifika mahali pamoja kwa njia mbili.

Yako mambo manne ya kukumbuka:

1. Dengu zilizopasuliwa huiva upesi pasipo kulowekwa, nazo hupunguza gharama ya makaa kuliko maharagwe makavu.

2. Madini ya chuma yaliyomo katika nafaka na kunde huingia mwilini kwa shida kuliko yale ya nyama. Kamua ndimu juu ya chakula, au kula na nyanya, yataingia vizuri zaidi.

3. Usinywe chai pamoja na chakula hicho, kwa kuwa chai huyazuia madini hayo. Ingoje kwa muda wa saa moja.

4. Mtu asiyekula nyama yoyote na apate maziwa au mayai. Wahindi wengi wasiokula nyama hutumia maziwa, mtindi na samli kila siku. Mtoto mdogo na mama mja mzito wasinyimwe vitu hivi.

Tena nyama kidogo yaweza kuenea. Robo kilo ya nyama ikipikwa ndani ya dengu huonja watu sita, na mchuzi wake ni mzito na mtamu.

SISI NASI TUNA MIIKO

Asicheke mtu. Zamani Wakikuyu hawakula samaki wala wanyama wa porini. Wamaasai hawakuchanganya nyama na maziwa katika mlo mmoja. Kwa Waluhya wanawake walikatazwa kula kuku, ijapokuwa wao ndio waliomfuga na kumpika. Leo Mkikuyu wa Kawangware hununua samaki wa kukaanga kwa jirani yake, na mwanamke wa Kiluhya hula kuku wake bila ya hofu. Miiko mingine hufa, mingine hudumu. Lakini hakuna kabila lililokosa neno la kusema juu ya nyama.

SHAURI KWA MPISHI NA KWA MWAJIRI

Mpishi, siku ya kwanza uliza mambo haya: Nyumba hii hula nyama gani? Mayai je? Vitunguu je? Nyama inunuliwe duka gani? Sufuria, kisu na ubao upi ni wa nyama, na upi si wa nyama? Ziko siku za kujizuia? Na chakula changu nikiweke wapi na kukipasha moto kwa chombo gani? Kuuliza si ujinga. Usitumie mafuta yaliyokaangiwa nyama kukaangia mboga, wala usitumie mwiko mmoja kukorogea vyungu viwili.

Nawe mwajiri, sema mapema, tena kwa upole. Mpe mfanyakazi sufuria yake na mahali pa kulia chakula chake. Usitaje chakula chake kuwa ni uchafu, maana nacho kimepikwa na mama yake. Na kosa likitokea, kumbuka ya kuwa Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, hukutaka umweleze mfanyakazi kosa lake na kumsikiliza kabla ya kumwachisha kazi.

Yule mama wa Kawangware angaliulizwa, au angaliuliza, dakika tano zingalitosha. Angaliendelea na kazi yake, na watoto wake wangalikula jioni.

MASWALI YA KUJIJARIBU

1. Eleza tofauti baina ya Mhindi na Mhindu.

2. Maksai, maziwa na kinyesi vilimfaa nini mkulima wa Bara Hindi, na kwa nini hakutaka kuchinja wakati wa ukame?

3. Kwa nini chakula cha hekalu la Makindu hakina nyama?

4. Taja jamii moja ya Kihindi ilayo nguruwe, na moja isiyokula hata vitunguu.

5. Katika kabila lako, ni nyama gani iliyokatazwa zamani? Muulize mzee mmoja akueleze sababu yake.